Kalenda ya Klabu na Kalenda ya Mji: Tarehe za Kihistoria za Dodgers wa Brooklyn na Los Angeles

Ikisiri

Vilabu vya michezo vyenye umri mrefu vina desturi ya kutunza orodha ya tarehe zao kuu: siku ya kuasisiwa, siku ya kombe la kwanza, siku ya kuzinduliwa kwa uwanja. Orodha hizo husomwa na mashabiki kwa furaha, na watafiti huzipita bila kuzitazama. Makala haya yanaichukua orodha ya aina hiyo, ya klabu ya besiboli ya kulipwa iitwayo Dodgers, na kuisoma kama hati. Tunauliza nani aliyechagua tarehe hizi, zilipata lini uzito zilio nao leo, na ni siku gani zilizotokea katika historia ileile lakini hazikuingizwa. Mifano miwili inashughulikiwa kwa kina: tarehe 15 Aprili 1947, ambayo sasa huadhimishwa na ligi nzima, na tarehe 8 Mei 1959, ambayo haina sherehe yoyote uwanjani.

Utangulizi

Mchezo wa besiboli haujaota mizizi katika Afrika ya Mashariki, hivyo maelezo mafupi yanahitajika. Ni mchezo wa rungu na mpira, wenye wachezaji tisa kila upande. Mrushaji huutupa mpira, mpigaji hujaribu kuupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Anayekamilisha mzunguko huipatia timu yake pointi moja. Nchini Marekani mchezo huu ulikuwa biashara ya kulipwa tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na mashindano yake ya juu huitwa Fainali ya Dunia, jina lenye majivuno kidogo ikikumbukwa kuwa hushindaniwa na vilabu vya Marekani na Kanada pekee.

Klabu tunayoizungumzia iliasisiwa Brooklyn mwaka 1883, wakati Brooklyn ilipokuwa bado mji unaojitegemea na si sehemu ya jiji la New York. Mwaka 1890 ilijiunga na Ligi ya Taifa, ambamo ingali inacheza. Jina la Dodgers lina maana ya wakwepaji. Watu wa Brooklyn waliitwa wakwepa tramu kwa sababu tramu za umeme zilipoletwa katika mitaa yao miaka ya 1890 zilikwenda kwa kasi ambayo waenda kwa miguu hawakuizoea, na kuvuka barabara kukawa ni jambo la kuhitaji wepesi. Jina lilitokana na usafiri wa umma, likashika, na likaendelea kutumika hata klabu ilipohamia mji ambao umejengwa kwa ajili ya magari. Tunalitaja mapema kwa kuwa historia nzima ya klabu hii, tukiiondolea vikombe, ni historia ya barabara, ardhi na makazi.

Baadhi ya tarehe za orodha hiyo hazihitaji maelezo marefu. Uwanja wa Ebbets Field ulifunguliwa kwa mechi za ligi tarehe 9 Aprili 1913. Klabu ilifika Fainali ya Dunia ikashindwa mwaka 1916, 1920, 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953, mara tano za mwisho mbele ya mpinzani yuleyule, Yankees wa New York. Tarehe 4 Oktoba 1955 mrushaji Johnny Podres aliwazuia Yankees wasipate hata pointi moja katika mechi ya saba, na Brooklyn ikatwaa kombe lake la kwanza na la mwisho. Miaka miwili baadaye klabu haikuwapo tena Brooklyn.

Siku ambayo haikujaza uwanja

Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, mwana wa wakulima wa Georgia aliyekulia California, alisimama kwenye kituo cha kwanza akivaa jezi namba 42. Katika ligi kuu hakuwa ameonekana mchezaji Mweusi tangu miaka ya 1880. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwazuia. Palikuwa na makubaliano ya kimyakimya baina ya wamiliki, na makubaliano ya namna hiyo, kama wanavyojua waliowahi kuchunguza ubaguzi katika ajira, ni magumu kuyavunja kuliko sheria, kwa sababu hakuna kifungu cha kukifuta.

Siku hiyo watazamaji walikuwa 26,623, katika uwanja uliokuwa na uwezo wa kuchukua watu wapatao 32,000. Robinson hakupata pigo hata moja la mafanikio. Alifika kituoni kutokana na kosa la wapinzani, akakamilisha mzunguko, na Dodgers wakaishinda Boston Braves kwa pointi 5 kwa 3. Leo tarehe hiyo inazungumzwa kana kwamba mbingu zilifunguka. Aliyekuwapo aliona mechi ya kawaida, na viti vitupu.

Kwa nini basi siku hiyo na si nyingine? Mtafiti anazo nyingi za kuchagua. Tarehe 28 Agosti 1945 mkurugenzi wa klabu, Branch Rickey, alimwita Robinson ofisini Brooklyn na kumtaka aahidi kwamba kwa muda hatajibu matusi atakayotupiwa. Huo ndio uamuzi wenyewe, na kama tunatafuta chanzo cha mabadiliko ya kitaasisi basi ni hapo. Tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo mkataba ulitangazwa hadharani, naye akapelekwa Montreal, Kanada, katika timu ya daraja la chini iliyomilikiwa na Dodgers. Tarehe 18 Aprili 1946, huko Jersey City, alicheza mechi yake ya kwanza katika timu hiyo na kuwashangaza watu kwa mapigo manne. Kwa mizani ya mchezo, siku hiyo ya Jersey City ilikuwa na uzito zaidi kuliko ile ya Brooklyn.

Jibu letu ni kwamba tarehe 15 Aprili ilichaguliwa baadaye, na waliokuwa na mamlaka ya kuichagua. Ligi ilingoja miaka 50. Tarehe 15 Aprili 1997 namba 42 iliondolewa katika matumizi ya vilabu vyote, isipokuwa kwa wachezaji waliokuwa wameivaa tayari. Wa mwisho wao, Mariano Rivera, alistaafu mwaka 2013. Tangu 2004 siku hiyo ni sikukuu rasmi ya ligi, na tangu 2009 kila mchezaji huvaa namba 42 kwa siku moja. Tarehe iliyochaguliwa ni ile ambayo ligi yenyewe ilionekana ikifungua mlango. Ile ya Agosti 1945 ingelazimisha kuuliza mlango ulifungwa na nani, na kwa muda gani.

Kuna jambo jingine ambalo sherehe hulipita kimya. Robinson alipoitwa na Rickey alikuwa mchezaji wa Kansas City Monarchs, klabu ya Ligi za Watu Weusi. Rickey hakuilipa klabu hiyo chochote. Wachezaji bora walipoanza kuhamia ligi kuu, watazamaji waliwafuata, na taasisi zilizojengwa na Wamarekani Weusi kwa jasho la miongo mitatu zilidhoofika hadi kufa. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa ligi kuu kuzitambua Ligi za Watu Weusi za miaka 1920 hadi 1948 kuwa zilikuwa na hadhi sawa na yake, na hadi Mei 2024 kwa takwimu za wachezaji wao kuingizwa katika kumbukumbu rasmi. Kwa wanaoshauri serikali kuhusu ujumuishaji, hapa pana suala zito: ujumuishaji uliowachukua watu mmoja mmoja na kuziacha taasisi zao zife bila fidia ulikuwa ushindi wa kweli na hasara ya kweli kwa wakati mmoja. Hatuoni sababu ya kukificha kimojawapo.

Robinson na ndege ya wanafunzi

Kwa msomaji wa ukanda wetu, maisha ya Robinson baada ya besiboli yana tarehe ambayo haimo katika orodha ya klabu lakini imo katika historia yetu. Mwishoni mwa 1956 klabu ilimuuza kwa mahasimu wake wakubwa, Giants wa New York. Alikataa, akastaafu, akaajiriwa kuwa makamu wa rais wa kampuni ya kahawa. Mwaka 1959 Tom Mboya alizuru Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya ambao serikali ya kikoloni haikuwa na mpango wa kuwasomesha kwa wingi. Barua ya kuchangisha nauli ilitiwa sahihi na watu watatu mashuhuri: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba 1959 wanafunzi 81 walitua New York.

Mwaka uliofuata fedha za safari ya pili zilipokosekana, Robinson, ambaye wakati huo alimuunga mkono Makamu wa Rais Richard Nixon, alimwendea ili Wizara ya Mambo ya Nje isaidie. Hatimaye aliyetoa ni mfuko wa familia ya John F. Kennedy, dola 100,000, na msaada huo ukageuka kuwa hoja katika kampeni za urais za mwaka 1960. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo, akaenda kusoma Kansas. Hadi 1963 waliokuwa wamesafirishwa walikaribia 800, na wengi wao walirejea kushika nyadhifa katika utumishi wa umma, vyuo vikuu na siasa.

Tunaeleza haya kwa kuwa wanahistoria wa elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki huwataja Mboya na Kennedy, na huwasahau Wamarekani Weusi waliochangisha dola chache chache kabla Kennedy hajasikia habari hiyo. Umaarufu wa Robinson ulikuwa mtaji uliotokana na besiboli, naye aliutumia.

Kuhama

Walter O'Malley, aliyeshika udhibiti wa klabu mwaka 1950, alitaka kujenga uwanja mpya kwa fedha zake mwenyewe, kwa sharti kwamba mamlaka zimsaidie kupata kiwanja katika makutano ya barabara za Atlantic na Flatbush, Brooklyn. Robert Moses, mtendaji aliyeshikilia mipango yote ya miji na barabara za New York bila kuchaguliwa na yeyote, alikataa. Alisema sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma haikukusudiwa kumpa mfanyabiashara kiwanja, akapendekeza eneo la Flushing Meadows katika wilaya ya Queens. Mashabiki wa Brooklyn walimlaani O'Malley kwa miongo. Waandishi wa baadaye wamekuwa wakimwelekezea kidole Moses. Sisi tunaona kuwa katika hoja ya sheria Moses alikuwa sahihi, hata kama alizoea kuikiuka kanuni hiyohiyo ilipompendeza, na kwamba swali alilolikwepa New York ndilo lililojibiwa vibaya Los Angeles.

Mechi ya mwisho Ebbets Field ilichezwa tarehe 24 Septemba 1957 mbele ya watu 6,702. Tarehe 8 Oktoba klabu ilitangaza kuondoka. Uwanja ulianza kubomolewa tarehe 23 Februari 1960, kwa tufe la chuma lililopakwa rangi likafanana na mpira wa besiboli. Mahali pake yalijengwa majumba ya kupangisha.

Siku mbili za Mei

Kilima kilichopewa Dodgers huko Los Angeles hakikuwa pori. Katika eneo liitwalo Chavez Ravine palikuwa na vijiji vitatu vya mjini, Palo Verde, La Loma na Bishop, vilivyokaliwa zaidi na Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mamia ya familia yalikuwa na nyumba zao, bustani, mbuzi na kuku, kanisa na shule. Wengi walijenga huko kwa sababu katika mitaa mingi ya jiji hawakuruhusiwa kununua nyumba.

Julai 1950 wakazi walipokea barua kutoka mamlaka ya nyumba ya jiji ikiwataka wauze. Sheria ya makazi ya mwaka 1949 ilikuwa imetoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya nyumba za umma, na wasanifu Richard Neutra na Robert Alexander walichora mradi wa minara 24 ya ghorofa 13 pamoja na nyumba fupi 163. Waliohamishwa waliahidiwa kuwa wa kwanza kuchagua makao katika mradi huo. Wengi waliuza. Waliowahi walilipwa vizuri kuliko waliochelewa, na waliochelewa walilipwa kidogo kuliko thamani ya walichoacha.

Kisha siasa ikageuka. Vita baridi vilipopamba moto, nyumba za umma zilianza kuitwa ukomunisti. Mwaka 1952 afisa wa mamlaka ya nyumba aliyeutetea mradi, Frank Wilkinson, aliulizwa mahakamani kuhusu uanachama wake wa vyama vya siasa, akakataa kujibu, akafukuzwa kazi. Mwaka 1953 Norris Poulson alichaguliwa kuwa meya kwa ahadi ya kuufuta mradi, naye akaufuta. Jiji likainunua ardhi kutoka mamlaka ya serikali kuu kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba itumike kwa manufaa ya umma. Familia zilikuwa zimekwisha kuondoka, nyumba za umma hazikujengwa, na kilima kilikaa kitupu, isipokuwa kwa familia chache zilizokataa kutoka.

Hapo ndipo O'Malley alipoingia. Kwa mkataba uliopitishwa na baraza la jiji mnamo Oktoba 1957, klabu ilipewa takriban ekari 300, nayo ikalipa jiji uwanja mdogo wa zamani iliokuwa imeununua, na ikaahidi kujenga uwanja mpya kwa gharama yake. Wapinzani walilazimisha kura ya maoni tarehe 3 Juni 1958. Mkataba ulipita kwa tofauti ndogo. Tarehe 13 Januari 1959 Mahakama Kuu ya Jimbo la California iliuhalalisha. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba jambo hili lilifanyika gizani. Lilipigiwa kura na likaamuliwa na majaji. Waliopiga kura, hata hivyo, ni wakazi wa jiji zima, ilhali waliohamishwa walikuwa wamekwisha kutawanyika miaka sita kabla.

Usiku wa tarehe 7 Mei 1959, katika uwanja wa Coliseum ambamo klabu ilicheza kwa muda, watu 93,103 walikusanyika kwa mechi ya kirafiki ya kumuenzi Roy Campanella. Alikuwa mdakaji hodari, mmoja wa wachezaji Weusi wa kwanza waliomfuata Robinson, mshindi mara tatu wa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Ajali ya gari ya Januari 1958 ilimwacha amepooza, na hakuwahi kucheza Los Angeles hata mara moja. Nahodha wake wa zamani, Pee Wee Reese, aliusukuma uwanjani ule mkokoteni wa magurudumu, taa zikazimwa, watazamaji wakawasha viberiti. Walioiandika siku hiyo wanaiita moja ya nyakati za utu mkubwa katika michezo, nasi hatuna sababu ya kubisha.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa ya tarehe 8 Mei, askari wa kaunti walipanda Chavez Ravine kuiondoa familia ya Arechiga, iliyokuwa ikiishi hapo tangu miaka ya 1920. Mahakama ilikuwa imeikadiria thamani ya mali yao, nao walikataa kupokea fedha hizo. Milango ilivunjwa. Mwanamke mmoja wa familia hiyo alibebwa na askari wanne, mmoja kwa kila mkono na kila mguu, akishushwa ngazi mbele ya kamera za televisheni. Tingatinga likaiporomosha nyumba papo hapo, na familia ikapiga hema mbele ya kifusi. Siku chache baadaye magazeti yaliandika kwamba ukoo huo ulimiliki nyumba nyingine mjini, na huruma ya umma ikapungua ghafla. Jambo hilo lina funzo lake kuhusu jinsi umma unavyomtaka mnyonge awe mnyonge kamili ndipo ahurumiwe. Haki ya mtu juu ya nyumba yake haipimwi kwa idadi ya nyumba nyingine alizo nazo.

Saa chache tu zinazitenganisha siku hizo mbili. Hatudai kwamba watu 93,103 walijua yatakayotokea asubuhi, wala kwamba klabu ndiyo iliyowatuma askari. Amri ilitoka kwa jiji, na dhuluma ya kwanza ilitendwa na mradi wa nyumba uliokuwa na nia njema. Tunachosema ni kwamba orodha ya klabu inayo tarehe 7 na haina tarehe 8, na mtafiti anayeitegemea orodha hiyo ataandika historia ya usiku mmoja bila asubuhi yake.

Uwanja wa Dodger Stadium ulifunguliwa tarehe 10 Aprili 1962 mbele ya watu 52,564, na Dodgers wakafungwa na Cincinnati 6 kwa 3. Kwa miaka mingi Wamarekani wengi wenye asili ya Meksiko waliuona kama uwanja wa wengine. Yapo mageuzi ambayo sera haikuyapanga: tarehe 9 Aprili 1981 mrushaji kijana kutoka kijiji cha Etchohuaquila, Sonora, Fernando Valenzuela, alipewa kuanza mechi ya kwanza ya msimu kwa sababu aliyepangwa alikuwa ameumia. Alishinda mechi zake nane za mwanzo mfululizo, akatwaa tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji mpya bora katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwa limetokea, na viti vya kilima kile vikajaa watu ambao wazee wao waliapa kutokanyaga pale. Namba yake, 34, iliondolewa rasmi katika matumizi tarehe 11 Agosti 2023. Wapo wanaosema Valenzuela aliponya kidonda. Mashabiki walirudi kumtazama kijana wao, hilo ni kweli. Ardhi haikurudi kwa mtu.

Suala hilo lilifika tena serikalini mwaka 2024, pale mswada uliopendekeza kuundwa kwa jopo la kuchunguza namna ya kuwafidia waliohamishwa Chavez Ravine na vizazi vyao ulipopitishwa na Bunge la California. Gavana aliukataa mwishoni mwa Septemba, akieleza kuwa jopo la namna hiyo linafaa kuundwa na serikali ya mtaa. Tarehe 30 Oktoba, mwezi mmoja baadaye, Dodgers waliwashinda Yankees na kutwaa kombe lao la nane, na tarehe hiyo ikaingizwa katika orodha siku ileile.